Kanzu Niliyompigia Pasi Fundi Rajabu

Siku yangu ya kwanza kazini niliunguza kanzu ya mwalimu wa madrasa. Niliingia saa moja asubuhi, na kabla ya saa nne alama ya pasi ilikuwa imeshakaa chini ya goti, rangi yake kama chai ya rangi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Igoma, ambako wakati huo kulikuwa na pamba na ng'ombe, si gereji na maduka kama mnavyopaona leo. Baba alikuwa ameniambia nisirudi nyumbani bila kazi. Nilijua nimeipata na kuipoteza asubuhi moja.

Aliyeniajiri aliitwa Fundi Rajabu. Alikuwa dobi, yaani mtu anayefua na kupiga pasi nguo za watu, na nyumba yake ya kazi ilikuwa karibu na soko kuu la Mwanza. Baba yake alikuwa Mmanyema, mama yake Msukuma. Alikuwa mfupi, mwembamba, na mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya mtu mwingine. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliikunja ile kanzu, akaniwekea mikononi.

"Mpelekee mwenyewe," alisema.

"Nimwambie nini, Fundi?"

"Mwambie umeiunguza. Kisha mwambie jina lako."

Nikaenda. Mwalimu aliitazama ile alama muda mrefu, akaniuliza kama nilijaribu pasi kwenye jani la mgomba kabla ya kuigusisha nguo. Nikasema sijui habari za jani.

"Basi Rajabu akufundishe jani kwanza," alisema, akaichukua kanzu yake akaingia ndani.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza jani. Pasi zetu zilikuwa za mkaa, nzito, zenye kifuniko na matundu ya kupumulia. Ukiipitisha juu ya jani bichi la mgomba inateleza vizuri na inakuonyesha hasira yake. Jani likijikunja na kutoa moshi, subiri. Likilia kidogo tu, anza. Vijana wa leo mna pasi za umeme zenye kitufe cha kuzungusha, na bado mnaniletea mashati yaliyoungua. Siwaelewi.

Wajukuu zangu wameniomba niandike ni nguo gani watu walivaa zamani, kwa sababu shuleni wanafanya siku ya mavazi ya asili. Nilikwenda kuiangalia hiyo siku. Niliona watoto wamevalishwa magunia yaliyokatwa pindo, wamechorwa madoa meupe usoni, na mwalimu anasema kwenye kipaza sauti kwamba hivyo ndivyo wazee wetu walivyovaa. Niliondoka kabla haijaisha. Mimi nilifua nguo za wazee wenu kwa mikono hii. Sikufua gunia hata moja.

Sasa sikilizeni. Kanzu mnaijua, lakini hamjui kwamba zilikuwa nyingi. Ilikuwepo ya kushindia, ya kitambaa chepesi, na ilikuwepo ya Ijumaa na sikukuu, yenye darizi, ule ushonaji wa mkono kwa uzi wa hariri kuzunguka shingo na kushuka kifuani. Darizi haipigwi pasi kwa juu. Unaigeuza nguo, unatandika taulo, unapiga kwa ndani, la sivyo unaivunja pua, nyuzi zinalala bapa. Wanga tulikoroga wenyewe kwa unga wa muhogo, mwepesi, na nguo nyeupe ziliingia kwenye maji ya buluu mwisho kabisa. Tulinyunyiza maji kwa mdomo. Unajaza mashavu, unapuliza ukungu juu ya nguo. Mnacheka, lakini hakuna chupa inayofanya hivyo.

Kofia ya viua, ile yenye vitundu vilivyoshonwa kwa sindano kimoja kimoja, ilioshwa kwa sabuni kidogo na kukaushiwa juu ya bakuli lililofunikwa, ishike umbo. Wanaume wengi walivaa msuli nyumbani. Waliotoka vijijini walikuja na shuka waliyoifunga begani upande mmoja, tukiiita lubega, na usipige pasi fundo lake kwa sababu mwenyewe analijua lilipo.

Kanga huja mbili, doti moja, na usiitenganishe. Mimi niliwahi kuzichanganya doti mbili za wake wenza wa mtaa wa pili. Kila mmoja alipata nusu ya mwenzake, na nusu zile zilikuwa na maneno ambayo kila mmoja aliyanunua makusudi kumpiga mwenzake vijembe. Fundi Rajabu alikwenda kusuluhisha, akarudi adhuhuri amechoka kuliko siku ya kufua mablanketi. Alinitazama, akaketi chini akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la msuli. Ni mara chache nilimwona hivyo.

Na kaniki. Kaniki ni kitambaa cheusi kinachoelekea buluu, kigumu, kinachotoa rangi hata baada ya mwaka. Unaifua peke yake. Mama zetu wa Kisukuma waliivaa shambani na kwenye ngoma, na mama yangu aliivaa hata alipokuja mjini kunitazama. Mteja mmoja alimwona amekaa kwenye benchi letu, akauliza kama tumeanza kuajiri wapagazi. Fundi alimrudishia nguo zake zikiwa bado mbichi na kumwambia atafute dobi mwingine. Wakati ule nilifikiri ni hasara tu. Baadaye nilielewa alikuwa ananifundisha kazi.

Nilikaa kwa Fundi miaka minne. Kisha nikapata nafasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja, chini ya Matroni, mkuu wa wauguzi, mama wa Kiingereza mwenye saa iliyoning'inia kifuani. Alikuwa mchapakazi, hilo sitamnyima. Aliponiona nikipuliza maji kwa mdomo alinifukuza chumbani nikasukutue. Amri yake kubwa ilikuwa moja: kila nguo ya mgonjwa anayelazwa ichemshwe kwenye pipa, pamoja na magadi.

Siku moja alilazwa bibi wa Kihaya, Bi Kokugonza, aliyeletwa kwa meli kutoka Bukoba kwa sababu ya jicho. Ndani ya mzigo wake kulikuwa na lubugo. Lubugo ni nguo ya gome la mti. Gome linabanduliwa, linalowekwa, linapondwa kwa nyundo ya mbao siku nzima mpaka linakuwa pana na laini, rangi kama ya udongo. Haifuliwi. Inatandazwa juani, inakung'utwa, basi. Bibi aliniambia, kwa Kiswahili cha taratibu, kwamba hiyo alipondewa na mumewe aliyekwisha kufa, na kwamba atazikwa nayo.

Nilimpelekea Matroni habari.

"Mama, hii haichemshwi. Ni gome. Itaharibika."

"Kila kinachoingia hapa kinachemshwa," alisema.

"Naweza kuianika juani siku tatu."

"Wewe ni dobi au daktari?"

Niliinamisha kichwa. Niliichukua lubugo, nikaitia kwenye pipa mimi mwenyewe. Ilichanika kama mkate uliolowa. Bibi alipotoka hospitalini aliniulizia nguo yake, na mimi nilimpa vipande ndani ya ndoo. Hakulia. Alivishika kimoja kimoja akitafuta kilicho kikubwa, na jicho moja bado limefungwa kitambaa.

"Hukumwambia?" aliniuliza.

"Nilimwambia, bibi."

"Ukamwambia tena?"

Nilikuwa nimemwambia mara moja. Baada ya wiki chache niliacha kazi ile, na nikajiapiza kwamba sitanyamaza tena mtu akidhalilishwa kwa sababu ya nguo yake. Kiapo hicho ndicho kilichonigharimu baadaye, na sina uhakika mpaka leo kama nilikitumia vizuri.

Kutoka hapo nilikwenda kuwa dobi wa hoteli moja karibu na ziwa. Mkuu wangu alikuwa Meneja, Mzungu mwenye masharubu aliyehesabu vitambaa vya mezani kila asubuhi kama askari kwenye gwaride. Wahudumu wa ukumbini walivalishwa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na tarabushi nyekundu kichwani. Walikuwa watu wazima, baadhi yao na wajukuu, na waliitwa "boi". Fikirieni nilivyojisikia. Vazi nililofundishwa kulishika kwa adabu, la Ijumaa, la harusi, hapa lilikuwa alama ya kumjua wa kutumwa. Nililipiga pasi hivyo hivyo. Ishirini kwa siku.

Uhuru ulipokuja tulifurahi, na mimi niliruka na wenzangu barabarani Nyamagana mpaka viatu vikaachia soli. Meneja naye alitaka kuonekana anakwenda na wakati. Aliwavua wahudumu mshipi na tarabushi, akawapa kofia nyeupe, akasema sasa wamevaa kiheshima. Kanzu aliiacha. Kwa hiyo mhudumu wa hoteli yetu akawa hana tofauti na mzee yeyote wa mjini anayetoka msikitini. Kumbukeni hilo.

Mwaka ule ule mtoto wa Fundi Rajabu, Yusufu, alirudi kutoka masomoni Ulaya akapewa cheo serikalini. Nilimjua tangu akiwa mwanafunzi anayesoma vitabu vyake juu ya meza yetu ya pasi. Wenzake wa ofisini walimwandalia karamu ya chai hotelini kwetu, saa kumi alasiri. Asubuhi ya siku hiyo Fundi alikuja mlango wa nyuma na kanzu yake ya darizi chini ya kwapa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka wakati huo.

"Nipigie hii," alisema. "Mimi siiamini tena mikono yangu."

"Yusufu amekualika?"

"Aliniambia kuna karamu. Karamu ya mwanangu inataka barua?"

Nilifanya kazi ile kwa saa mbili. Sijawahi kupiga pasi namna ile kabla wala baada. Alipoivaa ilikuwa inasimama yenyewe. Juu yake alitaka kuvaa koti lake jeusi, kama wazee walivyofanya siku za heshima, lakini koti lilikuwa limechakaa viwiko.

"Liache hapa, Fundi," nilimwambia. "Linaifunika kazi yangu."

Akalivua, akaliacha kwangu. Ni mimi niliyemwambia alivue. Hasira zangu zote za miaka hii, nikizifuata hadi mwisho, zinapita hapo kwanza.

Baada ya muda nilipeleka vitambaa vya mikono kwenye mlango wa huduma, na kupitia mlango ule nikaona ukumbi. Vijana wa ofisini walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu, wote suti na tai. Fundi alikuwa amesimama katikati, anamtafuta mwanawe kwa macho. Kijana mmoja, mweusi kama mimi, akainua kidole bila kugeuka.

"Boi, chai huku."

Fundi alitazama nyuma yake, akadhani anaitwa mwingine. Kijana akarudia. Fundi akasita. Kisha akalichukua birika kutoka kwenye meza ya pembeni, akamimina. Akammiminia wa pili, na wa tatu. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini hakumwaga hata tone. Akamfikia Yusufu.

Yusufu aliinua macho. Alimtambua, nilimwona akimtambua. Mdomo ulifunguka kidogo. Halafu akasogeza kikombe chake mbele.

"Asante," alisema.

Niliingia ukumbini na aproni yangu mbichi, mikono imejaa wanga. Watu waligeuka.

"Yusufu," nilisema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, "huyo anayekumiminia chai ni baba yako. Waambie wenzako."

Hakuna aliyesogeza kijiko. Yusufu alisimama nusu, akakaa tena. Fundi aliliweka birika mezani taratibu, akanigeukia mimi, si mwanawe.

"Sospeta, rudi kwenye kazi yako."

Alinifuata mpaka chumba cha pasi. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile, hata siku ya kanzu iliyoungua.

"Nani alikutuma?"

"Fundi, wamekufanya boi."

"Nilimpa mwanangu chai. Nimempa chai tangu hana meno. Wale hawakujua mimi ni nani, ningemaliza nikaenda zangu. Wewe ndiye uliyenifanya boi mbele ya watu."

Akachukua koti lake, akalivaa juu ya kanzu ile, akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Meneja aliniita asubuhi yake. Alinitaka niombe radhi kwa maandishi kwa kuingia ukumbini na kumwaibisha mgeni. Nilikataa. Akasema basi dobi mwingine atapatikana kabla ya saa sita, na kweli alipatikana. Sikuwa na pa kwenda ila kwa Fundi. Nilisimama mlangoni kwake kama siku ya kwanza. Alikuwa anakoroga wanga, hakuinua kichwa.

"Meza yako ipo palepale," alisema. Hatukulizungumza tena jambo lile maisha yake yote.

Yusufu alikuja siku ya Idi na kifurushi. Ndani mlikuwa na suti ya kijivu, mpya. "Siku nyingine utavaa hii, baba," alisema. Mimi nilikuwa pale na pasi mkononi, na nilijizuia nisiitupe. Fundi aliivaa alasiri ile ile kwenda nyumbani kwa mwanawe. Mikono ya koti ilimfika vidoleni. Alipita mbele ya maduka yote ya watu aliowafulia kanzu miaka thelathini, akiwaitikia "marahaba" mmoja mmoja, amevaa kama mtu aliyeazimwa nguo. Niliona ni kushindwa. Nilimchukia Yusufu kwa suti ile kuliko kwa kile kikombe. Tangu siku hiyo sikumsalimu. Akileta nguo, msaidizi ndiye aliyezipokea.

Fundi Rajabu alifariki miaka mingi baadaye, mchana, akiwa amejilaza baada ya swala. Makaburini Yusufu alikuja na suti nyeusi moja kwa moja kutoka ofisini. Ilipofika zamu ya ndugu kushuka kaburini kumpokea marehemu, alivua viatu, akavua koti, akatazama wa kumpa. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Alininyooshea, nami nikalishika. Alishuka na shati lake jeupe. Fundi alikuwa ndani ya sanda, kitambaa kisicho na mshono, kola wala wanga, vazi pekee ambalo dobi hatakiwi kuligusa.

Kesho yake Yusufu alikuja na suruali ya ile suti nyeusi, magoti yote yamejaa udongo. Msaidizi alinyoosha mkono, Yusufu akamwambia, "Hii nataka aifue Sospeta." Akaketi kwenye benchi la wateja.

"Bado una hasira na mimi?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Ni miaka mingi sasa."

"Ninajua ni mingapi."

"Jioni ile ile ya karamu nilikwenda nyumbani. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba radhi. Alinisamehe kabla sijamaliza kusema. Ile suti nilimpa kwa sababu aliniomba mwenyewe. Alisema anataka kuona huko ndani mnavaa nini kinachowatia kiburi namna hiyo."

Niliichukua ile suruali. "Mbona hakuniambia?"

"Nilitaka kukuambia mimi. Alinikataza. Alisema, 'Mimi ni baba yako, mimi ninasamehe. Lakini lazima awepo mtu mmoja mjini hapa atakayeendelea kukukasirikia, ili usisahau. Mwache Sospeta.'"

Niliingia ndani na ile suruali. Nilimkasirikia Fundi siku ile. Alikuwa amenipa kazi bila kuniambia kwamba ni kazi, na nimeifanya miaka yote kwa uaminifu, huku nikidhani ni moyo wangu tu. Niliipiga brashi kavu kwanza, kwa sababu udongo wa namna ile ukiutia maji kabla ya kuukung'uta unaingia kwenye uzi na hautoki. Kisha nikaifua kwa maji baridi. Nilipotoka kuianika, Yusufu alikuwa bado amekaa pale benchini, hana haraka. Nikamwuliza kama amekula.

Nilifunga nyumba ya kazi magoti yalipokataa kusimama, nikahamia Buswelu kwa binti yangu. Nina pasi moja ya mkaa, ninaitumia ninapotaka, na jirani wakiwa na harusi huniletea kanzu zao. Wengine wamezikodi, zina darizi ya mashine na vifungo vya plastiki, na wenyewe hawajui mbele ni wapi. Nawakaripia. Siku ya mavazi ya asili imekaribia tena, na nimemwandikia mwalimu mkuu barua kumwambia kwamba nitakuja mwenyewe na kaniki ya mama yangu na kanzu halisi, na kwamba nikikuta gunia hata moja nitasimama niseme. Hajanijibu. Nitakwenda.